Siku ya familia kwenye makumbusho ya meli ya kale: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila likizo ya shule ikikaribia, naulizwa maswali yale yale. Mtoto wa miaka mitatu ataziweza ngazi? Kigari cha mtoto kinaingia? Mama ana magoti mabovu, aje au abaki? Saa mbili zinatosha? Nimewajibu watu mmoja mmoja vya kutosha. Haya hapa majibu yote, kwa mpangilio utakaoufuata kuanzia nyumbani.

Nianze na ushauri ninaousimamia kuliko mwingine wote: usijitahidi kuiona meli nzima. Chagueni mtu mmoja wa aina ya watu walioishi humo, awe mpishi, seremala au mvulana wa kubeba baruti, kisha mfuateni. Alilala wapi, alikula wapi, alifanya kazi wapi, alijisaidia wapi? Mtoto aliyemfuata mpishi kwa saa moja ataisimulia meli hiyo mwaka mzima. Aliyeburutwa sitaha zote hukumbuka miguu ilivyomuuma.

Kwanza, meli yenyewe imekaaje?

Kabla ya tiketi, kabla ya kuwaambia watoto, jua jambo hili, maana ndilo linaloamua viatu, nguo, muda na nani aje. Meli za makumbusho ziko za namna tatu.

Ziko zinazoelea bado. HMS Belfast, meli ya kivita ya Uingereza iliyoshushwa majini 1938, imefungwa kwenye mto Thames, London, na inapokea wageni tangu 1971. Ina sitaha tisa zilizounganishwa kwa ngazi za chuma. USS Constitution ya Boston ilishushwa 1797, inaelea hadi leo, na bado ni meli ya jeshi la wanamaji la Marekani; ndiyo maana watu wazima huulizwa kitambulisho kabla ya kupanda. Meli inayoelea hupanda na kushuka pamoja na maji. Daraja la kupandia melini ulilopita asubuhi likiwa karibu tambarare linaweza kuwa mteremko mkali maji yakipwa. Ukiwa na mzee au kiti cha magurudumu, uliza saa za maji kujaa kabla ya kuchagua saa ya kwenda.

Ziko zilizokalishwa gudini, yaani kwenye shimo la kutengenezea meli lililokaushwa maji. HMS Victory, iliyoshushwa 1765, iko gudini huko Portsmouth, Uingereza, tangu 1922. SS Great Britain ya Bristol, meli ya chuma iliyoshushwa 1843, nayo iko gudini, na usawa wa maji umewekwa kioo chenye maji membamba juu yake. Ukiwa juu, meli inaonekana kama inaelea. Ukishuka chini ya kioo, unatembea pembeni ya tumbo la meli, mahali penye hewa iliyokaushwa kwa mashine ili chuma kisiendelee kuliwa na kutu. Watoto hupapenda sana hapo. Wape muda.

Na ziko zilizo ndani ya jengo. Vasa ya Stockholm ni mfano mkubwa, pamoja na Mary Rose ya Portsmouth na Fram ya Oslo. Hapa mvua si tatizo, lakini uliza swali moja: tunaruhusiwa kupanda melini? Fram unaipanda na kuingia vyumbani. Vasa hupandi; unaizunguka kwenye roshani za ghorofa kadhaa, ukiitazama kuanzia mkuku, yaani uti wa mgongo wake ulio chini, hadi juu. Nimeona watoto wakilia mlangoni kwa sababu waliahidiwa kushika usukani wa meli isiyokanyagwa na mgeni yeyote.

Vitu vya kuandaa

- Viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira, kwa kila mtu. Ndala, viatu vya visigino na soli laini ya plastiki viache. Sitaha ya chuma ikilowa huteleza kama sabuni.
- Suruali au kaptura kwa watakaopanda ngazi. Gauni refu hukanyagwa na anayelivaa, na kwenye ngazi wima walio chini wanakuona.
- Sweta au koti jepesi hata kama nje kuna jua. Ukumbi wa Vasa hukaa kwenye nyuzi 18 hadi 20 mwaka mzima, kwa ajili ya mbao. Vyumba vya chini vya meli za chuma navyo vina baridi yake.
- Begi dogo la mgongoni, moja tu kwa familia. Mabegi makubwa mara nyingi huzuiwa, na hata yakiruhusiwa yatakwama kwenye milango.
- Mbeleko au mkoba wa kumbebea mtoto, kwa mtoto asiyetembea vizuri. Kigari kitabaki getini karibu kila mahali penye ngazi.
- Uzi uliokatwa sentimita 36. Usiucheke, utaona kazi yake kwenye hatua ya 8.
- Daftari dogo na penseli kwa kila mtoto anayeweza kuandika au kuchora. Kalamu ya wino waache, kwa sababu sehemu nyingine hairuhusiwi karibu na vitu vya kale.
- Maji ya kunywa na chakula kisichomwagika, vya kuliwa nje ya meli.
- Tochi usibebe. Nuru hafifu iliwekwa makusudi, kwa kuwa mwanga mkali huharibu mbao, nguo na rangi za zamani, na wasimamizi watakuomba uizime.

Hatua

1. Uliza kilichofungwa.

Meli ya mbao haimalizi kutengenezwa. HMS Victory iliingia kwenye matengenezo ya miaka mingi mwaka 2022, ikazungushiwa jukwaa na kufunikwa. Aliyetarajia kupiga picha ya milingoti na tanga alikuta turubai. Kwa hiyo piga simu au soma taarifa zao wiki hiyo hiyo, usitegemee alichokuambia jirani. Uliza mambo manne: sehemu gani imefungwa, mgeni wa mwisho anaingia saa ngapi (huwa mapema kuliko saa ya kufunga), umri au urefu wa mtoto kwa ngazi za chini, na sitaha zipi zinafikika bila ngazi. Kama tiketi ni ghali kwenu, uliza pia kama inaruhusu kurudi siku nyingine, maana yako makumbusho ambayo tiketi moja hutumika mwaka mzima. Tiketi ya namna hiyo ni nafuu kubwa kwa wenye watoto wadogo: mnatoka wakichoka, bila uchungu.

2. Wafundishe watoto maneno sita.

Omo ni mbele ya meli. Tezi ni nyuma. Ngama ni kule chini kabisa, ndani ya tumbo, maji yanakojikusanya. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo. Mataruma ni mbavu zake. Sitaha ni sakafu yake. Mtoto anayeyajua maneno haya hapotei kirahisi, na mnaweza kuelekezana: "tukutane tezi". Ile methali ya "tezi na omo, marejeo ni ngamani" ataielewa siku hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

3. Fanyeni jaribio la beseni, siku moja kabla.

Chukua beseni la maji, kopo refu lenye mfuniko na mawe madogo. Lielee tupu: linalala ubavu. Tia mawe ndani, chini: linasimama. Sasa yatoe mawe, yapange juu ya mfuniko: linapinduka. Yale mawe ya chini ndiyo farumi, uzito unaowekwa ngamani ili chombo kisilale.

Baada ya hapo wasimulie Vasa. Tarehe 10 Agosti 1628 meli hiyo mpya ya mfalme wa Uswidi iling'oa nanga Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa nzito mno juu, na madirisha ya mizinga yalikuwa wazi. Kabla ya safari, wanaume 30 walikimbizwa sitahani kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kuipima; meli iliyumba vibaya mno hata jaribio likasimamishwa. Ikaondoka hivyo hivyo. Ikatembea kama mita 1,300, upepo ukaipiga, ikalala, maji yakaingia kwa madirisha ya chini, ikazama watu wakiitazama kutoka ufukweni. Ilinyanyuliwa kutoka chini 24 Aprili 1961. Mbao zilisalia kwa sababu bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa yule kiumbe jamii ya kombe anayetoboa na kula meli za mbao.

Hata kama meli mnayoiendea ni nyingine kabisa, mtoto aliyelipindua kopo kwa mkono wake atatafuta farumi chini kwanza.

4. Chagueni mtu wenu.

Fanyeni hivi usiku wa kuamkia safari, mezani. Meli ya kivita ina mvulana wa baruti, aliyekimbia na vifuko vya baruti kutoka ghala la chini hadi kwenye mizinga; kwenye Victory, siku ya vita vya baharini vya Trafalgar, 21 Oktoba 1805, wadogo kabisa walikuwa na miaka 12. Meli ya mvuke ina mpiga makaa. Meli ya utafiti kama Fram ina mpishi, ambaye watu wote walimtegemea huku chombo kimeganda barafuni. Mary Rose, iliyozama 1545 na kunyanyuliwa 1982, imerahisisha kazi hii, kwa sababu vitu vyake vimepangwa kwa wenyewe: vya seremala kwake, vya daktari kwake, vya mpishi kwake. Zaidi ya vitu 19,000 vilipatikana humo, zikiwemo chanuo za kutolea chawa na mifupa ya mbwa.

Watoto wakigombana juu ya nani afuatwe, kila mmoja awe na wake. Wasizidi watatu.

5. Fikeni mlango unapofunguliwa, na choo kiwe cha kwanza.

Saa ya kwanza ndiyo saa ya familia. Makundi ya ziara huja baadaye, na kwenye ngazi inayopitisha mtu mmoja, kundi la watu 40 ni foleni ya kweli. Vyoo vya wageni mara nyingi viko nchi kavu. Mtoto akibanwa akiwa sitaha ya nne chini, mna safari. Wapelekeni wote, hata asemaye hana haja.

6. Simameni nje dakika kumi.

Watu hukimbilia daraja. Usikimbie. Itazameni meli nzima, tezi hadi omo. Hesabuni madirisha ya mizinga au ya vyumba. Kwenye Cutty Sark ya Greenwich, meli iliyoshushwa 1869 ili kuwahi na majani ya chai kutoka China, unaweza kusimama chini yake kabisa, kwa sababu imeinuliwa mita tatu hivi kutoka sakafuni. Hapo ndipo mtoto anaona wembamba wa omo na kuelewa kwa nini ilikimbia. Melini huoni umbo la meli tena, unaona vyumba tu. Kwa hiyo umbo lichukueni sasa, mchore.

Papo hapo kubalianeni mahali pa kukutana mtu akipotea. Chagua kitu kisichohama na kinachoonekana, kama mlingoti mkuu au mzinga wa kwanza.

7. Anzeni chini.

Kama njia haikupangwa kwa mishale, shukeni kwanza hadi sehemu ya chini inayoruhusiwa, kisha mpande polepole. Wengi huanza sitaha ya juu kwa sababu ndiyo wanayoifikia, wanamaliza nusu saa kwenye usukani na mizinga, na wakifika chumba cha injini watoto wamechoka, joto limepanda na foleni imejaa. Asubuhi kule chini kuna utulivu, unasikia hata maji yakigonga bati.

Ngazi zishukwe hivi: uso kwenye ngazi, mgongo nje, mikono yote miwili imeshika. Simu mfukoni. Mtu mzima atangulie kushuka, mtoto afuate juu yake, ili akiteleza amwangukie mtu. Kupanda ni kinyume, mtoto mbele na wewe nyuma. Mtoto wa chini ya miaka minne asishuke ngazi wima kabisa. Zungukeni kwa zamu, mzazi mmoja abaki naye.

Mtoto wa mbelekoni ana hatari yake ambayo watu hawaifikirii. Ukiinama kupita chini ya boriti, aliye mgongoni ndiye anakuwa juu kuliko wewe, na boriti humpata yeye. Ukiingia sehemu zenye dari fupi mhamishie kifuani, na kwa ngazi wima usiende naye.

Milango ya meli za chuma ina vizingiti virefu vya kuzuia maji. Mguu uinuliwe, kichwa kiinamishwe, vyote kwa pamoja. Wafundishe watoto kusema "kizingiti" kwa sauti kila anayetangulia anapokikuta. Itakuwa mchezo, na itawaokoa mifupa ya muundi.

8. Mfuateni mtu wenu, na uutoe ule uzi.

Katika jeshi la wanamaji la Uingereza enzi za Victory, baharia alipewa nafasi ya inchi 14 za kuning'iniza machela yake ya kulalia, yaani kama sentimita 36. Nusu ya watu wakiwa zamuni nafasi iliongezeka, lakini kipimo kilikuwa hicho, na melini mlikuwa na watu zaidi ya 800.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba aliunyoosha uzi chini ya boriti ya sitaha ya mizinga. Akaupima na mabega yake: ulizidi kidogo. Akanigeuza, akaupima na yangu: haukufika bega la pili. Akaufunga kwenye kidole, akanyamaza, akawa anatazama ndoano za boriti moja moja, anazihesabu. Kibao cha maelezo kilikuwa pale pale, na hatukukisoma hadi mwisho.

Jikoni, tafuteni moto ulikuwa wapi na mbao zilikingwa na nini. Omo, tafuteni vyoo: kwenye meli nyingi za tanga mabaharia wa kawaida walijisaidia huko mbele, juu ya maji, kwenye ubao wenye tundu, mawimbi yakawasafishia. Tezi ndiko alikokaa nahodha, kwenye madirisha na nafasi. Mtoto atauliza mwenyewe kwa nini. Mwache aulize, kisha mwulize anaonaje.

Mkimkuta mhudumu wa kujitolea, hasa mzee aliyewahi kuwa baharia, simameni. Msalimieni, mwacheni mtoto aulize lile swali lake. Dakika tano za mtu huyo zinashinda vibao vyote.

9. Gaweni muda kwa kengele.

Melini zamu ilidumu saa nne, kengele ikagongwa kila nusu saa: moja, mbili, hadi nane, kisha zamu mpya. Tegesha simu ilie kila nusu saa, mtoto ahesabu kengele. Kwa watoto wa chini ya miaka saba, kengele tatu melini zinatosha. Wakubwa hufika kengele tano. Kengele yenu ya mwisho ikilia, tokeni mle, hata kama zimebaki sitaha mbili.

10. Sitaha ya juu iwe ya mwisho.

Baada ya giza na dari fupi, hewa na anga vina maana yake. Hapa waache wakimbize macho hadi juu ya milingoti, washike usukani kama inaruhusiwa. Kamba, msizipande, nyingine ndizo zinazoshikilia mlingoti. Mshikeni mtoto mdogo mkono mkiwa ukingoni, kwa maana nafasi kati ya vyuma vya ukingo ilipimwa kwa mabaharia. Kwenye jua kali gusa chuma kwa kiganja kabla mtoto hajakikalia.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kujaza meli mbili kwa siku moja, kwa kuwa ziko bandari moja. Meli ya pili watoto hawaioni, wanaipita tu.

Kumwacha bibi au babu nyumbani bila kuuliza. Vasa, Cutty Sark na SS Great Britain zina lifti, na hata meli za ngazi tupu mara nyingi zina sitaha moja inayofikika. Mzee akibaki hapo na kiti, watoto wamletee taarifa kila kengele: wameona nini, kinanukaje, kilikuwa cha nani. Mzee anapata ziara yake, na mtoto anayesimulia anakumbuka.

Kuwasomea vibao. Soma wewe kimya, chukua jambo moja, waambie kwa maneno yako.

Kutowaambia mapema kuhusu mifupa. Vasa na Mary Rose zote zina mabaki ya watu waliozama nazo. Waambie mlangoni kwamba wataona, kwamba walikuwa watu kweli, na kwamba tunawapita kwa heshima.

Mambo yakienda kombo

Mtoto amegoma kwenye ngazi. Usimvute wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Toka kwenye foleni, wengine wapite, keti naye ngazi ya juu mtazame watu wakishuka. Wengi hubadilika baada ya dakika chache. Asipobadilika, mzazi mmoja arudi naye, na watakaoshuka wampigie picha za kule chini.

Amepata kichefuchefu na meli haiendi popote. Hutokea sana sehemu za chini: hewa nzito, harufu ya mafuta na lami, na meli inayoelea ikitikisika kidogo. Mpandishe juu, atazame mbali, mahali anga na nchi vinapokutana, anywe maji kidogo kidogo. Asichezee simu.

Amegonga kichwa. Mtoe kwenye njia, mwite mhudumu, usijifanye ni jambo dogo. Wana vifaa vya huduma ya kwanza na hali hii wanaijua. Akitapika, akisinzia kusiko kwa kawaida au akichanganyikiwa, ziara imekwisha, mpelekeni kwa daktari.

Haonekani. Mmoja asimame mahali mlipokubaliana, mwingine amwambie mhudumu wa karibu mara moja. Njia nyingi melini ni za mwelekeo mmoja na kutokea ni mlango mmoja au miwili, kwa hiyo wahudumu wakijua mapema humkuta haraka. Msishuke wote kumtafuta.

Kijana wa miaka 14 amechoka na hataki. Mpe kamera na kazi: atafute mahali mbao mpya zimeungana na za zamani, bati lililopigwa kiraka, msumari usiofanana na wenzake. Chumba cha injini nacho huwafungua wengi midomo, hasa pakiwa na mtu wa kueleza mvuke unavyosukuma.

Mvua imeanza mkiwa sitaha ya juu. Shukeni upande wenye mbao, kuepuka chuma kilicholowa, na mngojeane kila kwenye ngazi. Kama ngazi ya nje imelowa sana, omba mhudumu awaonyeshe ya ndani. Mara nyingi ipo.

Kengele imelia na mtoto hataki kutoka. Mpe kitu kimoja cha mwisho akichague mwenyewe, akichore kwenye daftari akiwa amekaa sakafuni. Akimaliza mchoro, aandike chini yake jina la sitaha na yule mtu wenu alikifanyia nini. Kisha mtangulize yeye darajani.